Tathmini ya glisirini kama dawa ya nyumbani: ngozi, choo, sikio na swali la usafi wake

Glisirini inayouzwa katika chupa ndogo kwenye maduka ya dawa ni miongoni mwa bidhaa zinazonunuliwa bila maswali. Mnunuzi huitaja kwa jina, huipokea na kuondoka nayo akiamini kwamba kimiminika kizito kisicho na rangi wala harufu, na chenye utamu juu yake, hakiwezi kumdhuru mtu. Imani hiyo ina ukweli mwingi, kwa kuwa glisirini safi ni kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza na kukitumia kila siku, lakini haina ukweli wote. Katika tathmini hii naipima chupa hiyo, pamoja na bidhaa kadhaa zinazotokana nayo, kwa vigezo viwili: kama inatenda kile inachosifiwa, na kama anayeitumia anabaki salama. Nimeitumia kwa miaka mingi, hasa kwenye ngozi, na msomaji ataona kwamba upande huo nimeuandika kwa mkono mrefu zaidi.

Kwanza bidhaa yenyewe. Mafuta ya kawaida, yawe ya mimea au ya wanyama, hujengwa juu ya glisirini iliyoshikamana na minyororo mitatu ya asidi za mafuta, na mafuta hayo yanapochemshwa na magadi makali ili kutengeneza sabuni, minyororo hiyo hubanduka na glisirini hubaki katika maji. Mfamasia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, aliipata mwaka 1779 alipopasha moto mafuta ya zeituni pamoja na oksidi ya risasi. Siku hizi sehemu kubwa hutoka katika viwanda vya dizeli ya mimea, ambako kila kilo 10 za dizeli huambatana na takriban kilo 1 ya glisirini ghafi. Ghafi hiyo huwa na methanoli, chumvi na mabaki ya sabuni, na haifai kuugusa mwili wa binadamu mpaka isafishwe.

Hapo ndipo lebo inapoanza kuwa na uzito. Herufi BP (Uingereza), USP (Marekani) au Ph. Eur. (Ulaya) huonesha kwamba bidhaa imetengenezwa kwa kufuata kitabu rasmi cha viwango vya dawa. Kiwango cha USP, kwa mfano, hakikubali glisirini iliyo chini ya asilimia 99. Viwango vya Ulaya vinatambua pia glisirini ya asilimia 85, ambayo tayari ina maji ndani yake. Hiyo si bidhaa duni, ila anayetengeneza mchanganyiko kwa vipimo anapaswa kujua ameshika ipi kati ya hizo mbili. Chupa isiyo na alama yoyote, au iliyoandikwa kuwa ni ya matumizi ya viwandani, siihesabu kuwa dawa hata kama kilichomo ndani kinang'aa kama maji ya chemchemi. Mwenye masharti ya dini au asiyetumia vitu vya wanyama naye asome kama chanzo ni mafuta ya mimea, kwa sababu jina la glisirini peke yake halimwambii.

Kwenye ngozi, glisirini inastahili sifa zake. Hunasa maji na kuyashikilia katika tabaka la juu kabisa la ngozi, husaidia mafuta ya asili yaliyo kati ya seli yasigandamane hewa inapokuwa kavu, na huwezesha seli zilizokufa kupukutika kidogo kidogo badala ya kubaki kama magamba. Watafiti walipochunguza aquaporini-3, ambayo ni protini inayofanya kazi ya mlango wa kupitisha maji na glisirini katika seli za ngozi, waliona kwamba panya waliokosa protini hiyo walikuwa na ngozi kavu isiyonyumbuka na yenye vidonda vinavyochelewa kupona, na kwamba walipopewa glisirini kasoro hizo zilirekebika. Kwa hiyo glisirini haikai tu juu ya ngozi, bali ni sehemu ya utaratibu ambao ngozi yenyewe huutumia kujitunza. Mafuta ya mgando hayana uwezo huo. Kazi yake ni kuziba ili maji yasitoroke. Ndiyo maana matokeo bora niliyoyaona yametokana na kupaka glisirini iliyozimuliwa kwanza, ngozi ingali na unyevu wa kuoga, kisha kufunika kwa mafuta ya mgando, hasa kwenye visigino vilivyopasuka na vidole vinavyoshinda kwenye sabuni.

Kosa linaloiharibia jina ni kuipaka kama ilivyotoka chupani. Glisirini isiyozimuliwa ina kiu ya maji, na pale hewa inapokuwa haina unyevu wa kutosha huyavuta kutoka katika tabaka za chini za ngozi, ambako hupanda juu na kupotelea hewani. Mtu huona ngozi iking'aa kwa muda, kisha huhisi inambana kuliko mwanzo, naye huongeza tone jingine akidhani dawa haijatosha. Losheni nyingi za dukani huwa na asilimia 5 hadi 20 ya glisirini, na anayechanganya mwenyewe atakuwa katika kiwango cha kuridhisha akitumia sehemu moja ya glisirini kwa sehemu nne za maji yaliyochemshwa na kupoa, au maji ya waridi yasiyo na manukato ya kuongezwa. Lakini kuna jambo ambalo wauzaji wa michanganyiko hii hawalisemi. Glisirini isiyozimuliwa hudumu kwa sababu bakteria hawapati maji ya kuishi humo, na ukiizimua unawafungulia mlango. Mchanganyiko wa nyumbani usio na dawa ya kuzuia vijidudu utengenezwe kidogo, uwekwe kwenye jokofu, na umwagwe baada ya siku chache, hata kama bado unaonekana msafi.

Sifa nyingine zinazobandikwa kwenye chupa hii ni za uongo. Glisirini haibadilishi rangi ya ngozi, haifuti makovu na haitibu chunusi, ingawa haizibi vinyweleo na kwa hiyo mwenye ngozi ya mafuta anaweza kuitumia bila hofu. Mchanganyiko wa glisirini na maji ya ndimu, unaosifiwa sana kwa kung'arisha uso, ninauona kuwa hatari: maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi inayopigwa na jua huweza kuiunguza hadi ikatoa malengelenge, na baadaye huacha madoa meusi yanayokaa kwa majuma au miezi, yaani kinyume kabisa cha kilichotafutwa. Kwa mwenye ukurutu, krimu ya glisirini hupunguza ukavu na kwa kawaida huchoma kidogo kuliko krimu za yurea, lakini haichukui nafasi ya dawa aliyoandikiwa kwa ajili ya uvimbe na mwasho. Mzio wa kweli dhidi ya glisirini ni nadra sana, na anayewashwa na bidhaa yenye glisirini aanze kwa kushuku manukato na vihifadhi vilivyomo.

Kwa kupita tu nitaje kitakasa mikono. Mchanganyiko uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani una asilimia 80 ya ethanoli, asilimia 0.125 ya haidrojeni peroksidi na asilimia 1.45 tu ya glisirini, ambayo kazi yake ni kuilinda ngozi isikaushwe na alkoholi. Glisirini hapo haiui kijidudu chochote, na anayeiongeza kwa wingi hupata mikono inayonata.

Bidhaa ya pili ninayoipa alama nzuri ni kidonge cha glisirini cha kuwekwa katika njia ya haja kubwa. Kidonge hicho, chenye umbo la risasi, hutengenezwa kwa jelatini na takriban asilimia 70 ya glisirini, na kwa viwango vya Uingereza huwa cha gramu 4 kwa mtu mzima, gramu 2 kwa mtoto na gramu 1 kwa mtoto mchanga. Hulowanishwa kwa maji kidogo, huingizwa, na kwa kawaida choo hupatikana ndani ya dakika 15 hadi saa moja, kwa kuwa glisirini huvuta maji kuingia katika sehemu ya mwisho ya utumbo na kuichokoza ijikaze. Ninachokipenda ni kwamba hutenda pale pale kilipowekwa, kikiwa na athari ndogo sana kwa sehemu nyingine za mwili, tofauti na haluli inayosokota tumbo zima. Huweza kuleta mwasho au maumivu kidogo ya tumbo yanayopita.

Udhaifu wake ni kwamba hakigusi chanzo cha tatizo. Anayekihitaji kwa zaidi ya juma moja anapaswa kuchunguzwa, na asikitumie kabisa mwenye maumivu makali ya tumbo, kutapika au damu kwenye choo, kwa sababu dalili hizo huweza kuashiria utumbo ulioziba au ugonjwa mwingine usiostahimili kucheleweshwa. Mtoto mchanga asiwekewe bila ushauri wa mhudumu wa afya. Nawaonya hasa wanaovuta glisirini ya chupa kwa bomba la sindano na kuipuliza ndani wakidhani ni kitu kile kile. Huko Ujapani, ambako maji ya glisirini ya kusafishia utumbo hutumika sana hospitalini, madaktari wameandika kuhusu wagonjwa ambao ukuta wa utumbo wao ulijeruhiwa na ncha ya chombo, glisirini ikaingia katika damu, ikapasua chembe nyekundu na kudhuru figo. Kidonge hakina ncha ya kujeruhi, na hiyo ni sababu ya kutosha kukichagua.

Kwenye sikio, matone ya sodiamu baikaboneti yaliyomo ndani ya glisirini hulainisha nta iliyogandamana, na hutumika kwa siku tatu hadi tano baada ya kuipasha chupa joto kwa kiganja. Usikivu huweza kupungua kwa muda nta inapovimba, jambo linalowatisha wengi bila sababu. Ushahidi uliopo hauoneshi kwamba matone haya ni bora kuliko mengine, hata yale ya maji yenye chumvi kidogo, kwa hiyo nayaita mazuri bila kuyaita ya lazima. Yasitumike sikio likiuma, likitoa usaha, au kiwambo kikiwa kimetoboka.

Kuhusu kikohozi sina mengi. Sharubati ya glisirini hupaka koo na kulituliza kwa dakika kadhaa, haitibu chanzo, na kwa mtoto aliyezidi mwaka mmoja asali ina ushahidi mzuri zaidi.

Macho ni habari nyingine. Matone ya machozi ya bandia huweza kuwa na glisirini ya kiwango kidogo, kati ya asilimia 0.2 na 1, na hutuliza jicho kavu vizuri. Lakini hayo hutengenezwa katika hali isiyo na vijidudu, na hakuna namna ya kuyaiga nyumbani kwa kuzimua chupa ya dukani.

Mdomoni, glisirini imepoteza sifa iliyokuwa nayo. Zamani wauguzi walisafisha midomo ya wagonjwa kwa pamba zenye glisirini na limau, lakini ilibainika kwamba huukausha mdomo zaidi na asidi yake hula meno, na hospitali nyingi zimeziacha. Hatari zaidi ni ile glisirini iliyochanganywa na boraksi ambayo iliwahi kupakwa kwenye midomo ya watoto wenye utando mweupe. Boraksi ni sumu, watoto wachanga walipata degedege kwa kuilamba, na chupa yoyote ya aina hiyo iliyobaki kabatini irudishwe duka la dawa iteketezwe.

Kuinywa glisirini kama dawa ni kazi ya hospitali. Madaktari wa macho wameitumia kushusha haraka presha ya macho iliyopanda ghafla, kwa kipimo cha gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, kwa kuwa hukoleza damu na kuvuta maji kutoka ndani ya jicho. Kipimo hicho huleta kichwa kuuma, kichefuchefu na kiu kali, na kwa mwenye kisukari hupandisha sukari, maana ini huigeuza glisirini kuwa glukosi. Kwa nia ile ile ya kuvuta maji ilijaribiwa kwa wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo, lakini jaribio lililofanyika Malawi kwa watu wazima, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011, lilisitishwa kabla ya wakati baada ya kuonekana kwamba waliopewa glisirini walikufa zaidi ya wale ambao hawakupewa. Mfano huo hunitosha kila ninaposikia kwamba kitu kisicho na sumu hakiwezi kudhuru. Wanamichezo nao waliinywa ili kuhifadhi maji mwilini, na shirika la kimataifa la kupambana na dawa za kusisimua misuli, WADA, liliipiga marufuku mwaka 2010 kabla ya kuiondoa katika orodha mwaka 2018.

Watoto wadogo wanahitaji tahadhari ya pekee. Glisirini, inayoandikwa E422 kwenye vyakula, hutiwa katika vinywaji vya barafu laini visivyo na sukari ili visigande, na mtoto akinywa kikombe kizima kwa haraka huweza kupata kiasi ambacho mwili wake mdogo haukimudu: sukari ya damu hushuka, hulegea, husinzia, na baadhi hupoteza fahamu. Mwaka 2025 mamlaka ya viwango vya chakula ya Uingereza ilishauri kwamba vinywaji hivyo wasipewe kabisa watoto walio chini ya miaka 7. Kiasi kilichomo katika keki au dawa ya meno ni kidogo na hakina sababu ya kumtia mzazi wasiwasi.

Wapo wanaouliza kama glisirini husaidia moyo. La. Dawa ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo kukosa damu ya kutosha ni nitroglisirini, ambayo Ascanio Sobrero aliitengeneza kwa kuchanganya glisirini na asidi kali katika miaka ya 1840, na ambayo Alfred Nobel aliigeuza kuwa baruti kisha mwishoni mwa maisha yake akaandikiwa na madaktari kwa ajili ya moyo wake mwenyewe. Chupa ya glisirini haina nguvu hata moja kati ya hizo mbili.

Kama kilainishi, glisirini haiharibu kondomu za mpira kama mafuta yanavyofanya, lakini ikizidi huvuta maji kutoka katika utando wa uke na kuuchubua. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba ukolezi wa vilainishi, ambao wataalamu huupima kwa osmolaliti, usizidi miliosmoli 1,200 kwa kilo, na zipo bidhaa sokoni zinazovuka kiwango hicho mara kadhaa. Lebo nyingi hazionyeshi takwimu hiyo, na huo ni upungufu wa watengenezaji.

Sasa nirudi kwenye usafi, ambao kwangu una uzito kuliko kasoro nyingine zote zikiwekwa pamoja. Madhara makubwa kabisa yaliyowahi kuhusishwa na jina la glisirini hayakusababishwa na glisirini, bali na daiethilini glaikoli, kemikali ya viwandani ambayo nayo ni nzito, haina rangi, ina utamu, na hupatikana kwa bei ndogo kuliko glisirini ya dawa. Kemikali hiyo huua figo na kudhuru neva. Mwaka 1937 huko Marekani ilitumika kuyeyushia dawa ya salfa ya maji na kuua watu zaidi ya 100, jambo lililosababisha sheria mpya ya dawa mwaka 1938. Kati ya mwaka 1995 na 1996 huko Haiti, zaidi ya watoto 80 walikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi baada ya kunywa sharubati ya paracetamol iliyotengenezwa kwa glisirini iliyochanganywa na sumu hiyo. Mwaka 2006 ilikuwa zamu ya Panama, ambako mapipa yaliyoandikwa glisirini safi ya asilimia 99.5 yaliingia katika dawa ya kikohozi. Mapipa hayo yalipita mikononi mwa wafanyabiashara wa nchi kadhaa, kila mmoja akiiamini karatasi ya aliyemtangulia, na hakuna aliyepima. Viwango vya sasa havikubali zaidi ya asilimia 0.1 ya sumu hiyo, au ya ndugu yake ethilini glaikoli, na hudai kila shehena ipimwe kabla ya kutumika.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu hakuna jicho, pua wala ulimi unaoweza kulitambua. Ushauri wa kuonja kidogo au kutikisa chupa na kutazama mapovu hauna msingi wowote. Mnunuzi hana kinga nyingine ila chanzo: duka la dawa lililosajiliwa, chupa iliyofungwa na mtengenezaji, jina lake, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Glisirini inayopimwa kutoka katika dumu na kumiminwa katika chupa ya soda haipaswi kuingia mdomoni mwa mtu yeyote, na mimi siipaki hata miguuni. Mtoto aliyekunywa dawa ya maji kisha akaacha kukojoa, akatapika na kulegea, apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa aliyoinywa.

Kuihifadhi si kazi ngumu. Kifuniko kikazwe, kwa sababu ikiachwa wazi hunyonya maji ya hewa na kupungua nguvu, na chupa ikipata baridi ya muda mrefu huweza kuganda bila kuharibika. Jambo moja tu lisilojulikana sana ndilo linalohitaji uangalifu: glisirini ikimwagikia pamanganeti ya potasiamu, zile chembe za zambarau zinazotumika kuoshea vidonda na ukurutu wenye majimaji, mchanganyiko huo hukaa kimya kwa muda mfupi kisha hulipuka moto wenyewe bila kiberiti. Kwa kuwa dawa hizo mbili hununuliwa na watu wale wale kwa ngozi ile ile, ziwekwe katika makabati tofauti, na kijiko kilichogusa moja kisiguse nyingine kabla ya kuoshwa.